Fajita za Kuchoma kwa Watu Ishirini: Chumvi, Moto na Kisu

Fajita ni nyama ya kuchoma inayokatwa vipande vyembamba na kukunjwa ndani ya tortila, yaani chapati nyembamba ya Kimeksiko. Nyama hiyo huharibikia mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye bakuli, inapolazwa ndani ya maji ya ndimu usiku kucha mpaka sehemu yake ya juu inalegea na kuwa kama rojo. Pa pili ni kwenye ubao, inapokatwa kwa kufuata nyuzi zake badala ya kuzikata katikati. Moto husingiziwa bure. Nimekula fajita za nyama ya bei kubwa zilizovutika mdomoni kama kamba, na nimekula za kipande cha kawaida kabisa zilizokatika kwa meno ya mbele bila shida. Mara zote mbili viungo vilikuwa vilevile. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye chumvi, muda, moto na kisu, na mengine nitayapitia haraka.

Vipimo vyote ni vya watu 20, chakula cha mchana. Ukipikia kumi, gawanya kwa mbili. Ukipikia arobaini, zidisha vipimo lakini tafuta na jiko la pili, maana jiko moja halitakutosha.

Kipande chenyewe

Fajita ni neno la Kihispania. Faja ni mshipi, na fajita ni mshipi mdogo. Jina hilo mwanzoni lilikuwa la kipande kimoja tu cha ng'ombe: msuli mrefu na mwembamba wa kiwambo, ule unaotenganisha kifua na tumbo. Kusini mwa Texas, kuelekea mto Rio Grande unaopakana na Meksiko, katika miaka ya 1930 wachunga ng'ombe wa Kimeksiko walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa vile vipande ambavyo wenye mifugo hawakuvitaka, yaani kichwa, ngozi, matumbo, na huo mshipi wa nyama. Waliuchoma juu ya makaa, wakaukatakata, wakaukunja ndani ya tortila ya unga wa ngano. Septemba 1969 Sonny Falcon, aliyekuwa akifanya kazi ya bucha huko Austin, aliuza fajita kwenye kibanda cha sherehe katika mji mdogo wa Kyle, Texas. Mwaka 1973 Ninfa Laurenzo akafungua mkahawa wake Houston, na nyama hiyohiyo iliyochomwa ikampa jina. Mwaka 1982 hoteli ya Hyatt Regency ya Austin ikaanza kuzipeleka mezani juu ya sahani ya chuma ya moto inayochachatika, na fajita zikaenea Marekani nzima. Kipande kilichokuwa cha kugawiwa vibarua kikawa cha kugombewa.

Historia hiyo ina faida jikoni. Kiwambo ni msuli wa kupumulia, haupumziki maisha yote ya mnyama. Ndiyo maana nyuzi zake ni nene kiasi cha kuonekana kwa macho, ladha yake ni nzito, na mafuta yamejipenyeza kati ya nyuzi. Nyama ya namna hiyo, ikiwa nyembamba hivyo, hutaka moto mkali kwa dakika chache, kisha kisu kinachojua pa kupita.

Kwa muuza nyama, eleza kwa vidole ikibidi: unataka ule utepe bapa wa nyama ulio ndani ya mbavu, mrefu kama mkono, unene wa sentimita moja hadi mbili. Ng'ombe mmoja ana vipande vichache tu vya aina hiyo, kwa hiyo agiza siku kadhaa kabla. Kile cha upande wa nje, ambacho ndicho kiwambo hasa, ni laini kuliko cha upande wa ndani kitokacho kwenye ukuta wa tumbo. Ukikosa vyote viwili, chukua ile nyama bapa ya chini ya ubavu, karibu na tumbo. Nayo ina nyuzi ndefu zinazoonekana na inapikwa vilevile. Kipande cha paja kisicho na mafuta kitakufaa mwisho kabisa, na ukikitumia kikate mapande ya unene wa sentimita mbili, usikichome kikapitiliza.

Kuku hakuwa fajita kwa maana ya neno lenyewe, lakini kwenye watu 20 hutakosa wasiokula ng'ombe. Chukua mapaja yasiyo na mfupa. Kidari hukauka haraka mno, na mwenye kuhudumia umati hana nafasi ya kukilinda.

Hesabu gramu 200 za nyama mbichi kwa mtu mzima. Ikichomwa itapungua kama robo ya uzito, ibaki gramu 150, ambazo ni tortila tatu zilizojaa vizuri. Kwa hiyo:

- nyama ya ng'ombe kilo 2.5
- mapaja ya kuku yasiyo na mfupa kilo 1.5
- tortila 60
- pilipili hoho 10 za rangi mchanganyiko
- vitunguu maji 12
- parachichi 10 zilizoiva
- nyanya 12
- ndimu 30
- giligilani (dania) mafungu 4
- pilipili kali mbichi 8
- mtindi mzito au krimu iliyochachuka lita 1

Ndimu thelathini zitaonekana nyingi. Zitaisha.

Usiku wa kuamkia: chumvi na viungo, bila ndimu

Anza kwa kuisafisha nyama. Kiwambo huja na utando mweupe, mgumu, umeshikilia upande mmoja au pande zote mbili. Ingiza ncha ya kisu chini yake, ushike ukingo kwa karatasi ya jikoni ili usiteleze, kisha uvute. Utando ukibaki utajikunja motoni na kuikunja nyama pamoja nao, na hautatafunika. Mafuta manene ya nje punguza, yale membamba yaache.

Usiikate vipande vidogo sasa. Hili ni kosa la watu wengi, kwa kuwa fajita wanazoziona sahanini ziko katika vipande vyembamba. Vipande vidogo hutoa maji upesi, hupenya kwenye nafasi za wavu, na kabla havijapata rangi vimeshakauka ndani. Nyama huchomwa nzima, kisu huja mwishoni. Kama utepe ni mrefu kuliko wavu wako, ugawe mapande ya sentimita 15 hivi, basi.

Viungo kwa kila kilo moja ya nyama, ya ng'ombe au ya kuku, ni hivi:

- chumvi laini vijiko 2 vya chai (gramu 12 hivi)
- bizari nyembamba vijiko 2 vya chai
- pilipili manga iliyosagwa kijiko 1 cha chai
- pilipili kavu ya kusaga kijiko 1 cha chai
- majani makavu ya oregano kijiko 1 cha chai
- kitunguu saumu punje 5, zilizotwangwa
- mafuta ya kupikia vijiko 4 vya chakula

Bizari nyembamba, ambayo wengine huijua kwa jina la jira au uzile, inunue nzima. Ikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka inukie na kubadilika rangi kidogo, kisha uitwange. Dakika tatu hizo zina thamani kuliko kuongeza kiungo cha kumi na moja. Wapishi wengi wa Texas huongeza sosi ya soya. Ukipenda weka vijiko viwili vya chakula kwa kilo na upunguze chumvi iwe nusu. Sukari na asali mimi siweki, kwa sababu juu ya moto mkali huungua kabla nyama haijawa tayari na kuacha uchungu.

Changanya, paka kila pande, panga kwenye chombo, funika, weka kwenye friji. Chombo kiwe cha kioo, cha plastiki ya chakula au cha chuma cha pua. Sufuria ya alumini iepuke, kwani ndimu utakayoiongeza kesho huila alumini na nyama huchukua ladha ya chuma. Ng'ombe na kuku viwe kwenye vyombo tofauti, na kuku awe rafu ya chini kabisa asije akadondokea kitu kingine.

Kwa nini usiku kucha? Kwa sababu ya chumvi. Katika kila kilichomo kwenye bakuli lile, chumvi ndiyo pekee inayosafiri mbali ndani ya nyama. Kwanza huvuta maji yatoke juu, kisha huyeyuka ndani ya maji hayo, na taratibu nyama huyanywa tena. Ikishaingia, hulegeza protini za nyama na kuzifanya zishike maji yake hata motoni. Saumu, bizari na mafuta havipiti milimita chache za juu hata ukiviacha siku mbili. Si kasoro, kwa kuwa nyama yenyewe ni nyembamba na ladha ya juu inatosha kujaza mdomo, lakini usidanganyike kwamba viungo vinazama mpaka kati.

Ndimu ina tabia nyingine kabisa. Asidi yake hugeuza protini za juu kama moto unavyozigeuza, ndiyo maana nyama iliyokaa kwenye ndimu hupauka. Kwa saa moja au mbili inapendeza. Ikizidi, juu panakuwa kama unga uliolowa, na nyama hiyo haiwezi tena kupata ukoko mzuri. Mara ya kwanza nilipopikia watu wengi niliweka kuku wote kwenye ndimu tangu jioni. Asubuhi vipande vilikuwa vyeupe kana kwamba vimechemshwa, na juu ya wavu vilitoa maji mfululizo, havikushika rangi. Nilihuzunika sana, maana wageni walikuwa wamekwisha kufika. Tangu siku ile ndimu ninaiweka saa moja au mbili kabla ya moto, si zaidi.

Vivyo hivyo tahadhari na papai bichi na nanasi bichi. Vina vimeng'enya vinavyokata protini, papaini kwenye papai na bromelaini kwenye nanasi, na vinafanya kazi kwa kasi. Kwa kipande kigumu cha paja, kijiko kimoja cha papai lililokwanguliwa kwa kilo, kwa dakika 30, kinasaidia. Kwa kiwambo havihitajiki.

Tortila

Ukinunua, ruka sehemu hii, lakini nunua zile za unga wa ngano za upana wa sentimita 20 hivi. Tortila za mahindi ni tamu sana, ila fajita zilizaliwa kwenye ukanda wa kaskazini mwa Meksiko na kusini mwa Texas ambako ngano ndiyo iliyozoeleka kwa tortila, na nyama yenye mchuzi hukaa vizuri zaidi ndani ya tortila laini inayokunjika.

Za nyumbani kwa watu 20 zinataka unga wa ngano kilo 1.5, mafuta mazito gramu 300, chumvi vijiko 4 vya chai, na maji ya moto ya kuvumilika mkononi mililita 800 hadi 850. Paka unga mafuta kwa vidole mpaka uwe kama mchanga, tia maji kidogokidogo, kanda dakika nane hadi kumi. Gawa madonge 60, funika kwa kitambaa, pumzisha nusu saa. Usifupishe mapumziko hayo. Donge ambalo halijapumzika hurudi nyuma kila ukilisukuma. Sukuma nyembamba kiasi cha kuona kivuli cha mkono wako, pika kwenye kikaango kikavu cha moto sana, sekunde 40 upande wa kwanza na 30 wa pili. Zikipoa, zipange kwenye mfuko uliofungwa. Fanya kazi hii jana yake, na tafuta mtu wa kukusaidia kusukuma, kwani madonge 60 ni mengi kwa mikono miwili.

Siku yenyewe, tuseme wageni wanakula saa saba mchana

Saa tano kamili toa vyombo vya nyama. Kamua ndimu upate mililita 60 kwa kila kilo, yaani ndimu mbili au tatu kutegemea maji yake. Kwa kilo zote nne utahitaji robo lita. Mwagia, geuzageuza, rudisha kuku kwenye friji. Nyama ya ng'ombe irudishe pia, uitoe nusu saa tu kabla ya kuichoma. Ukitaka mchuzi wa kunyunyizia baadaye, tengeneza mwingine mpya kwa ndimu, mafuta, saumu na chumvi. Ule uliogusa nyama mbichi usiupeleke mezani.

Sasa pico de gallo, kachumbari ya Kimeksiko. Kata nyanya 12 vipande vidogo, toa mbegu zenye majimaji mengi, nyunyiza chumvi, weka kwenye chujio dakika 15 zichuruzike. Changanya na vitunguu 3 vilivyokatwa vidogovidogo, pilipili kali, giligilani na ndimu 3. Nyanya zisipochuruzwa, mezani bakuli litajaa maji na kila tortila italowa mpaka kupasuka mkononi.

Guacamole, yaani parachichi za kupondwa, ingoje. Andaa vitu vyake (kitunguu kimoja, pilipili, giligilani, ndimu 4) lakini parachichi zipasue saa sita na nusu, si mapema. Hewa ndiyo inayozigeuza rangi. Ziponde kwa uma ziwe na mabonge, tia chumvi kuliko unavyodhani, kisha gandamiza plastiki ya jikoni juu yake igusane na guacamole yenyewe, pasibaki nafasi ya hewa. Kuacha kokwa ndani hakulindi kitu zaidi ya kile kilicho chini ya kokwa.

Vitunguu vinane vilivyobaki vikate visahani vinene vya sentimita moja, uchome kijiti kutoka ubavuni ili duara zisiachane. Hoho zipasue katikati, toa mbegu, zikandamize zilale bapa. Hizi nazo huchomwa kwa ukubwa na kukatwa baadaye. Paka mafuta na chumvi.

Saa tano na dakika 40, washa mkaa. Mkaa wa kutosha ni ule unaofunika theluthi mbili za jiko kwa tabaka nene. Theluthi iliyobaki iache tupu. Huo ndio mpango wa kukuokoa: upande mmoja moto mkali wa kupa rangi, upande mwingine mahali pa kukimbizia nyama mafuta yakidondoka na ndimi kupanda. Subiri makaa yote yavae majivu meupe. Nyeusi zikiwa bado zinaonekana, moshi wake utaipa nyama ladha ya mafuta ya taa hata kama hukuyatumia. Kisha weka wavu, uuache upate moto dakika tano, uusugue, uupake mafuta kwa kitambaa kilichoshikwa na koleo.

Pima moto kwa kiganja: kiweke sentimita 12 hivi juu ya wavu. Ukishindwa kuvumilia sekunde tatu, moto uko tayari. Ukivumilia tano, unafaa kuku na mboga lakini bado haufai ng'ombe.

*Saa sita na robo: kuku.* Yeye hutangulia kwa sababu huchukua muda na huvumilia kungoja. Mfute maji ya juu kwa karatasi ya jikoni. Nimeshawaona watu wakinung'unika hapo, wakidhani tunafuta ladha. Tunafuta maji. Maji hayapiti digrii 100 za Selsiasi, na ule ukoko wa kahawia wenye harufu ya nyama ya kuchoma huanza vizuri kwenye digrii 140 na kuendelea. Juu pakiwa pamelowa, moto wote utatumika kukausha. Mchome dakika tano hadi sita kila upande juu ya makaa, umalizie upande usio na moto mpaka kipimajoto kisome digrii 74 katikati ya kipande kinene. Kama huna kipimajoto, pasua kipande kinene kuliko vyote. Maji yatoke meupe bila wekundu, na nyama karibu na katikati isiwe na utelezi. Mtie kwenye sufuria nzito yenye mfuniko, kando ya jiko. Nyama ya kusubiri lazima ibaki juu ya digrii 60. Ukiona inapoa, ihamishie kwenye oveni ya digrii 80 au 90. Sahani iliyobeba kuku mbichi iondoke kabisa eneo hilo.

*Saa sita na nusu: mboga.* Ongeza mkaa mpya pembeni ili uwe tayari kwa ng'ombe. Hoho zianze kwa ngozi chini. Hazihitaji kulainika sana, zinahitaji mabaka meusi na kubaki na ukakamavu. Vitunguu dakika nne kila upande. Zikitoka, kata vipande vya upana wa kidole, kamulia ndimu moja, funika.

*Saa sita na dakika 45: ng'ombe.* Hapa ndipo kila kitu kilipokuwa kinaelekea. Sukuma makaa yaliyoshika vizuri yakae chini ya sehemu ya moto, hakikisha sekunde tatu hazipiti. Futa nyama ikauke. Ilaze bila kubananisha, nafasi ya vidole viwili kati ya pande na pande, kwa sababu nyama zilizobanana huchemshana kwa mvuke wao. Kilo mbili na nusu kwa kawaida ni mikupuo miwili. Usiibonyeze, usiigeuzegeuze. Dakika mbili na nusu hadi nne upande mmoja, kutegemea unene. Itakapoachia wavu yenyewe ukiinyanyua kwa koleo, geuza. Upande wa pili hupungua nusu dakika.

Kiwambo kinapendeza kikiwa bado cha waridi katikati, digrii 57 hivi. Mamlaka za Marekani hupendekeza digrii 63 na mapumziko ya dakika tatu kwa nyama isiyosagwa, na kwa umati wenye watoto, wazee au wajawazito fuata hizo 63. Ikipita 70, nyuzi zitakaza na hata kisu hakitaokoa sana. Ncha nyembamba za mshipi huiva zaidi kuliko katikati, na hizo ndizo za kuwapa wasiotaka kuona wekundu.

Mkupuo wa kwanza ukitoka, uweke kwenye trei yenye kingo, funika kwa foili bila kubana, uache dakika tano. Huo ndio muda wa mkupuo wa pili.

Kisu

Tazama kipande chako kabla ya kukigusa. Kwenye kiwambo nyuzi hazikimbii kwa urefu wa mshipi. Zinakatiza upana wake, kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa hiyo mkono uliozoea kukata utepe kwa mkato mfupi unakata sambamba na nyuzi, na kila kipande kinabaki na nyuzi ndefu ambazo mlaji lazima azivunje kwa meno. Fanya hivi: kata mshipi vipande vya upana wa sentimita nane hadi kumi, mkato huu ukifuata nyuzi. Kisha zungusha kila kipande robo duara, na sasa kisu kikatize nyuzi, kwa vipande vyembamba vya nusu sentimita. Uzi uliokuwa na sentimita kumi umekuwa wa milimita tano. Ulaini wote mnaoutafuta kwenye viungo uko hapo. Nyama bapa ya ubavu ina nyuzi za kwenda kwa urefu, kwa hiyo yenyewe hukatwa moja kwa moja kwa kukatiza upana.

Kisu kiwe kikali. Butu hupasua na kukamua maji. Na yale maji ya nyama yaliyobaki kwenye trei yamwage juu ya vipande, pamoja na ndimu moja na chumvi kidogo. Usiyaache yapotee, ndiyo mchuzi bora wa chakula hiki chote.

Kuku mkate kwa unene wa kidole.

Kupeleka mezani

Wakati mtu mmoja anakata, mwingine apashe tortila: sekunde 20 kila upande kwenye kikaango kikavu au juu ya wavu, kisha zifungwe kwenye kitambaa safi kinene ndani ya chombo chenye mfuniko. Mvuke wake wenyewe utazilainisha, na zitakaa nusu saa bila kukauka. Zipashe kwa awamu za ishirini, usizipashe zote sitini kwa mkupuo.

Sahani ya chuma inayochachatika ni kivutio cha mkahawa, na inafurahisha. Nyumbani, kikaango kizito cha chuma kilichopata moto kitafanya hivyohivyo, ila kipakie vitunguu na hoho chini, nyama juu, na ukipakue mara moja. Chuma hicho bado kinapika, na nyama uliyoilinda kwa kipimajoto itaendelea kuiva mbele ya wageni. Kwa watu 20 mimi natumia sinia pana ya kawaida iliyopashwa moto. Wageni waonywe kuhusu kikaango, na watoto wakae mbali nacho.

Panga meza kwa mstari ambao mkono unaufuata: tortila, nyama, mboga, pico de gallo, guacamole, mtindi, kisha ndimu zilizokatwa robo na pilipili mwisho. Pande zote mbili za meza zikiwa na seti yake, foleni inapungua nusu. Nyama usiiweke yote. Toa theluthi moja kwanza, ujaze tena, ili anayekuja wa mwisho naye apate ya moto. Maharage na wali vikiwepo ni vizuri, na hupunguza presha kwenye nyama. Wasiokula nyama watengee uyoga mkubwa uliolazwa kwenye viungo vilevile, uchomwe pamoja na mboga kabla ya ng'ombe hajafika kwenye wavu.

Mabaki yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Nyama iwekwe kwenye friji ikiwa imetandazwa, si kwenye lundo, ipoe haraka. Ile ya ng'ombe usijaribu kuipasha moto kama ilivyo, itakuwa ngumu. Asubuhi yake ikatekate vidogo, ikaange dakika moja na kitunguu, uvunjie mayai juu yake, uviringishe ndani ya tortila zilizobaki pamoja na pico de gallo ya jana.